Kabla hujahamisha jiwe kwenye mfongo wa wenzako

Leo ni Jumapili, lakini naomba tuzungumze juu ya Jumatatu.

Wapo miongoni mwetu ambao asubuhi hii wataimba ibadani kwa furaha, watasalimiana na kula chakula cha mchana na familia. Ikifika saa kumi na mbili jioni, tumbo linaanza kuuma. Hawaumwi malaria wala vidonda vya tumbo. Wanakumbuka kwamba kesho watakaa tena meza moja na mtu fulani ofisini.

Binti wa dada yangu alikuwa mmoja wao. Amenipa ruhusa ya kusimulia habari zake kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala kampuni yake, nami nimekubali.

Binti huyu amezaliwa na kukulia Ngujini, katika milima ya Upare upande wa Mwanga. Ni mtoto wa migomba, kahawa na makande, aliyejifunza kompyuta ukubwani. Alipomaliza chuo kikuu alihangaika na barua za maombi zaidi ya mwaka mzima. Mwezi Januari akapata kazi Dar es Salaam, kwenye kampuni inayotengeneza programu za malipo kwa wenye maduka. Nyumbani tulifanya maombi ya shukrani. Babu yake, ambaye ni baba yangu mzazi, alichinja jogoo.

Wiki ya sita simu yangu iliita saa nne usiku.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mbona usiku?"

Akaanza kulia. Alilia muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba, nimechoka. Kesho naandika barua ya kuacha kazi."

Kosa la wiki ya kwanza

Ngoja nieleze kilichotokea kama alivyonieleza, maana na mimi ilibidi anifundishe.

Watu wanaotengeneza programu hawafanyi kazi kila mmoja kivyake. Wanaandika msimbo, yaani maelekezo ambayo kompyuta inayafuata, na msimbo huo wote unatunzwa mahali pamoja. Wengi wao hutumia chombo kiitwacho git. Kila anayebadilisha mstari, git inaandika jina lake, siku na saa. Kabla badiliko halijaanza kutumika, mwenzako anatakiwa kulipitia na kulikubali au kulikataa. Kwa hiyo kazi yako inasomwa na kusahihishwa na wenzako kila siku. Mwalimu wa shule hukaguliwa mara chache kwa mwaka, lakini mwandishi wa programu hukaguliwa kabla ya chai na tena baada ya chai.

Katika wiki yake ya kwanza, binti yetu aliona sehemu ya programu iliyokuwa inasubiri sekunde kadhaa kabla ya kutuma malipo upya pale mtandao unaposuasua. Aliona ni uzembe, kwa kuwa chuoni alifundishwa kwamba programu nzuri ni ya haraka. Akaufuta ule mstari wa kusubiri. Mwenzake aliyetakiwa kukagua alikuwa na haraka, akakubali bila kusoma vizuri.

Jumamosi jioni, maduka yakiwa yamejaa wateja, malipo kadhaa yakakatwa mara mbili.

Kulikuwa na kaka mmoja aliyekuwa na miaka 6 pale, ambaye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya mfumo ule. Alikesha akirekebisha. Kulipokucha akaandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, mabosi wakiwemo: "Hivi huko vyuoni siku hizi mnafundishwa nini?" Akaweka na picha ya jina la binti yetu kando ya mstari uliofutwa.

Tangu siku hiyo kila kazi aliyopeleka ilirudi na maneno makali. "Hii ni takataka." "Rudia yote." Hakuelezwa kosa liko wapi. Kwenye kikao, akiuliza swali, yule kaka anapumua kwa nguvu na kutazama dari. Wengine wanacheka kidogo, siyo kwa sababu wanafurahi, ila kwa sababu wanaogopa zamu yao itakuja. Binti akaacha kuuliza. Na asiyeuliza anakosea zaidi, akikosea zaidi anadharauliwa zaidi. Ndivyo wiki ya sita ilivyomkuta.

Nilimwambia asiandike barua usiku huo. Pasaka ilikuwa karibu, nikamwomba aje nyumbani kwanza.

Mzee na jiwe la mfongo

Anayezijua nchi za Upareni, iwe Same au Mwanga, anajua kwamba kule maji ni kazi ya pamoja. Wazee wetu walichimba mifongo kuleta maji kutoka kwenye vijito hadi mashambani, na wakajenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu. Mfongo ukiziba au ndiva ikijaa tope, watu wanaitwa kwenye msaragambo, kila nyumba inatoa mtu. Mlutheri, Msabato na Mwislamu wanachimba tope moja.

Jumamosi ile kabla ya Pasaka, baba yangu alimchukua mjukuu wake wakaenda kusafisha mfongo. Nilifuata nyuma na jembe. Mzee alimsikiliza habari yote bila kumkatiza, hata zile sehemu za kompyuta ambazo najua hakuzielewa. Kisha akasema:

"Nilipokuwa kijana alihamia hapa mtu mmoja kutoka kijiji kingine. Akakuta jiwe kubwa katikati ya mfongo. Akaona linazuia maji, akalitoa. Alikuwa na nguvu, alilitoa peke yake. Kesho yake shamba la chini halikupata tone. Lile jiwe ndilo lililokuwa linagawa maji."

Binti akainamisha kichwa. Alidhani hadithi imekwisha na yeye ndiye mwenye hatia.

"Subiri," mzee akasema. "Mwenye shamba la chini alikuja akampiga yule kijana fimbo mbele ya watu. Wazee wakakaa. Kijana akaambiwa alirudishe jiwe. Na aliyepiga akatozwa faini. Jiwe lilikuwa na haki yake, na kijana naye alikuwa na haki yake."

Mpendwa msomaji, nimehubiri na kuandika miaka mingi, lakini sijasikia hukumu iliyonyooka kuliko ile. Sisi mara nyingi tunataka upande mmoja uwe na kosa lote. Tukimhurumia mgeni tunasema mkongwe ni mkatili tu. Tukimheshimu mkongwe tunasema vijana wa leo hawana adabu. Wazee wa Ngujini walikaa chini wakatenganisha mambo mawili: kazi iliyoharibika, na mtu aliyedhalilishwa. Kila jambo likapata jibu lake.

Nehemia alizunguka kwanza

Niliporudi nyumbani nilisoma tena Nehemia sura ya 2. Mtu huyu alifika Yerusalemu akiwa na barua za mfalme mkononi. Alikuwa na mamlaka ya kuanza kazi siku hiyohiyo. Lakini alikaa siku 3. Kisha akatoka usiku na watu wachache, akazunguka ukuta akitazama mahali palipobomoka, na hakumwambia mtu yeyote alichokusudia. Alipokuja kusema na wenyeji, alijihesabu pamoja nao katika aibu ile. Hakuwaambia kwamba ukuta wao ni mbovu. Aliuita ubovu huo kuwa wa wote, yeye akiwemo.

Halafu angalia sura ya 3, ile tunayoiruka kwa sababu ina majina mengi. Imeandikwa nani alijenga kipande gani na nani alifuata baada yake. Binti yetu alicheka nilipomwonesha. Alisema git nayo ina amri ya kuonesha nani aliandika kila mstari, na jina la amri hiyo kwa Kiingereza maana yake ni lawama. Orodha ileile ya majina inaweza kuwa ya heshima kama ile ya Nehemia, na inaweza kuwa ya kusutana kama ile picha ya WhatsApp. Inategemea moyo wa anayeifungua. Ukuta ule ulikamilika kwa siku 52.

Kwa hiyo, wewe unayeanza kazi mpya kesho, iwe ya kompyuta, ya benki au ya kiwanda cha sukari, zunguka ukuta kwanza. Ukiona jambo linaloonekana la kijinga, jiulize kabla hujalifuta: ni nani aliliweka, na alikuwa anazuia nini? Mara nyingi utakuta ni ujinga kweli. Lakini mara nyingine utakuta ni jiwe la kugawa maji.

Wewe na yeye peke yenu

Binti alirudi Dar es Salaam akiwa na mambo mawili ya kufanya, na alinieleza baadaye yalivyokwenda.

La kwanza, alimfuata yule kaka wakati wa chakula, wakiwa wawili. Akamwambia, "Kaka, samahani kwa ule mstari nilioufuta. Sikuuliza. Naomba unisimulie ulivyoandikwa."

Yule kaka alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kusimulia. Miaka ya mwanzo mtandao wa malipo ulikuwa unachelewa kujibu. Programu ilidhani malipo yameshindikana ikatuma tena, wateja wakakatwa mara mbili, na yeye hakulala siku 2. Ndipo akaweka zile sekunde za kusubiri. Hakuandika popote sababu yake, kwa kuwa wakati ule walikuwa wawili tu na wote walijua. Binti akamwomba ruhusa ya kuandika maelezo hayo kando ya mstari ule, ili mgeni mwingine asije akautoa. Akakubali.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Bwana Yesu katika Mathayo 18 anatuelekeza kwamba ndugu akikukosea, mwendee mkiwa wawili kwanza. Sisi tumezoea kinyume chake. Tunaanza na marafiki, tunakwenda kwa mchungaji tukimwita "ombi maalumu", tunaweka fumbo kwenye stetasi, na aliyetukosea anakuwa wa mwisho kujua. Binti alimwambia, "Kosa langu nalikubali. Lakini ulichoandika kwenye kundi kiliniumiza, na tangu hapo naogopa kuuliza. Nikikosea, naomba uniambie mimi, na uniambie kosa liko wapi."

Ningependa kukuandikia kwamba kaka yule alilia na wakaomba pamoja. Hapana. Alisema, "Nimekusikia," akachukua sahani yake akaondoka. Hadi leo si mtu wa maneno matamu. Lakini masahihisho sasa yanakuja kwake binafsi, na yanaeleza. Juzi aliandika, "Hapa umefanya vizuri." Binti alinitumia picha ya maneno hayo kana kwamba ni cheti cha chuo.

Hata mtengenezaji wa git

Huenda unadhani haya ni ya ofisi zetu tu. Chombo hicho cha git kilitengenezwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, ambaye mwaka 1991 akiwa mwanafunzi alianzisha Linux, mfumo unaoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia na ulio ndani ya simu za Android. Kwa miaka mingi alijulikana kwa ustadi wake na pia kwa ukali wa barua zake kwa wenzake. Aliwashambulia watu mbele ya wote, na wengi walisema ndiyo gharama ya kufanya kazi na mtu mwenye akili sana.

Septemba 2018 aliwaandikia wenzake akaomba radhi hadharani. Alikiri kwamba mashambulizi yake kwa watu hayakuwa ya kitaalamu wala ya lazima, akasema anakwenda kando kwa muda kutafuta msaada wa kuelewa hisia za wengine. Wakati huohuo mradi ule ukapitisha kanuni mpya za maadili. Oktoba akarudi kazini.

Linux haikuanguka kwa sababu kiongozi wake alijifunza kusema kwa staha. Simtaji kama mfano wa imani, maana sizungumzii dini yake. Namtaja kwa sababu wapo wakristo, hata wazee wa kanisa, wanaoamini kwamba ukali wao ndio unaoshikilia ofisi. Akijaribu kidogo kuuacha, mtu wa namna hiyo atashangaa kuona ofisi bado imesimama.

Mkuki si ushauri

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Si kila mgumu anaweza kuzungumzika, na si kila kinachotupwa kwako ni sahihisho.

Daudi alipokuwa akimpigia Sauli kinubi, mfalme alimtupia mkuki (1 Samweli 18 na 19). Daudi alikwepa. Hakuurudisha ule mkuki kwa Sauli, lakini pia hakubaki amekaa akisema anavumilia kwa jina la Bwana. Ulipotupwa tena, aliondoka usiku.

Anayekuambia kazi yako ina kosa ni mwenzako, hata kama sauti yake ni ya ukali. Anayekutukana kwa kabila lako, kwa kuwa wewe ni mwanamke, au kwa ulemavu wako, na anayetaka mwili wako ili akukubalie kazi, huyo ameshika mkuki. Usimwendee peke yako. Andika tarehe na maneno, tunza ujumbe, tafuta shahidi, nenda kwa uongozi. Mathayo 18 yenyewe inasema akikataa kusikia, chukua mmoja au wawili, kisha lipeleke mbele zaidi.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, na unyanyasaji unaotokana na sababu kama jinsia, kabila au ulemavu unahesabiwa kuwa ubaguzi. Ni kweli kwamba mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 hana kinga kamili dhidi ya kuachishwa kazi, na wakorofi wanalijua hilo. Lakini katazo la ubaguzi linamlinda hata anayeomba kazi. Ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa ajili ya migogoro hii. Kwenda huko si kukosa imani. Paulo mwenyewe alidai haki yake ya uraia wa Kirumi alipotaka kupigwa viboko (Matendo 22).

Na mkuki ukirudi tena, ondoka. Mungu aliyekupa kazi hii hajaishiwa.

Nami nilikuwa yule kaka

Sasa nifike mahali ambapo sikutaka kufika nilipoanza kuandika.

Usiku ule binti alipolia kwenye simu, nilimkasirikia sana yule kaka. Lakini kwenye mfongo, mzee aliposema aliyepiga alitozwa faini, nilisikia jina langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mhasibu mwandamizi katika ofisi moja. Aliletwa kijana chini yangu. Alikuwa anauliza sana. Siku moja mbele ya wenzake nilimwambia kama hajui hesabu akauze mahindi ya kuchoma. Watu walicheka, nami nikajiona hodari. Baada ya miezi michache aliacha kazi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Matendo 15 inatusimulia kwamba Paulo alikataa kusafiri tena na kijana Marko, kwa sababu aliwahi kuwaacha njiani. Ugomvi ukawa mkubwa hadi Paulo na Barnaba wakatengana. Lakini mwishoni mwa maisha yake, akiwa kifungoni, Paulo anaagiza Marko aletwe kwake, akisema anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Biblia haituambii walipatana lini. Najua tu kwamba mzee yule hakuona aibu kumhitaji kijana aliyemkataa.

Jumatatu ya Pasaka nilitafuta namba ya yule kijana, ambaye sasa ana watoto wakubwa. Nilimwambia ninachompigia. Akanyamaza, kisha akacheka kwa upole. "Mzee, nilishakusamehe zamani," akasema. "Ila ilinichukua miaka kuweza kuuliza swali tena mbele za watu."

Sikuwa na la kujibu. Nilimshukuru. Hiyo ndiyo faini yangu, na nimeona ni haki nilipe.

Mpendwa, kesho ni Jumatatu. Kama wewe ni mgeni kazini, uliza kabla ya kuhamisha jiwe, na ukikosea, kiri haraka. Kama umeumizwa, mwendee aliyekuumiza mkiwa wawili, isipokuwa ameshika mkuki. Na kama wewe ndiye mkongwe, mwenye funguo zote na majibu yote, mtazame mgeni aliyeacha kuuliza. Huenda ni wewe uliyemnyamazisha. Mwite, muandalie kiti, umweleze lile jiwe liliwekwa kwa nini.

Tuombe: Baba wa mbinguni, wewe unayejua meza tutakazoketi kesho, wape wageni unyenyekevu wa kuuliza na wakongwe uvumilivu wa kujibu. Walinde wanaotupiwa mikuki, uwaoneshe mlango. Utusamehe sisi tuliocheka wengine walipodhalilishwa. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Nawatakia Jumapili njema, na Jumatatu iliyo njema zaidi.